Kienyeji, asilia, kilimo hai: maneno ya sokoni Arusha na kinachouzwa kweli

Jumatano moja nilikuwa soko la Tengeru, nimesimama mbele ya meza ya nyanya. Zilipangwa mafungu ya tano tano, ile ya juu imefutwa kwa kanga mpaka inang'aa. Za chini zilikuwa bado na vumbi jeupe kuzunguka kikonyo, lile ambalo kila anayepika Arusha analijua.

"Shikamoo mama. Hizi zimepigwa dawa?"

"Marahaba. Aah, hizi za kienyeji kabisa, mwanangu. Za kwetu Kikwe, tumechuma jana jioni."

Hakunidanganya. Ila pia hakunijibu. Niliuliza habari ya dawa, yeye akanipa ukoo wa nyanya, mahali zilikotoka na siku ya kuchumwa. Hayo ni mambo matatu tofauti, na la nne, lile nililouliza, likabaki pale pale mezani pamoja na vumbi lake.

Nimenunua mboga "safi" mjini hapa kwa miaka kadhaa sasa: kwenye masoko ya kawaida, kwa wakulima wanaoleta vikapu mlangoni, na kwenye vile visoko vya Jumamosi vinavyofanyika kwenye bustani za migahawa, ambako neno "oganiki" limeandikwa kwa chaki na bei inaanzia pale bei ya soko la Kilombero inapoishia. Kote nakutana na mkanganyiko uleule. Muuzaji na mnunuzi wanatumia neno moja, kila mmoja ana maana yake, na hela inapita katikati.

Maneno yenyewe

Tuanze na "kienyeji", kwa kuwa ndilo linalosikika zaidi. Hili ni neno la ukoo. Kuku wa kienyeji ni wa mbegu ya hapa, si broila wala chotara. Mboga za kienyeji ni mnafu, mgagani, loshuu, majani ya kunde, ngogwe, yaani mimea iliyozoeana na udongo na mvua zetu. Neno halisemi lolote kuhusu ilivyolimwa. Mnafu unaoshushwa alfajiri kwa ajili ya soko la Kilombero unaweza kuwa umekuzwa kwa urea ili majani yatanuke upesi, ukapigwa dawa ya vidukari wiki hiyohiyo, na bado ukabaki wa kienyeji kwa haki zote. Hata kuku aliyeshinda akichakura jalalani nyuma ya gereji ni wa kienyeji, hakuna ubishi. Lakini hatapita kwenye ukaguzi wa kilimo hai, yaani oganiki yenyewe, kwa sababu kule swali la kwanza ni kuku amekula nini.

Tukiwa bado kwa kuku: watu wengi wanavunja yai, wakiona kiini cha njano kilichokolea wanaridhika kwamba ni la kienyeji. Rangi ya kiini inatokana na chakula. Kuku akila majani mabichi au mahindi ya njano kiini kinakolea, akila pumba za mahindi meupe kinafifia. Mfugaji wa kuku wa kisasa anajua hilo vizuri kuliko sisi, na anaweza kulirekebisha kwenye chakula.

"Asilia" silijadili sana. Ni neno la kupamba kibandiko. Halina kipimo.

"Ya export" lina uzito wake hapa Arusha, maana tumezungukwa na mashamba yanayopeleka mboga Ulaya. Maharage machanga yaliyopinda kidogo hukataliwa kule, yakaishia mjini kwenye vifuko, na mtu akiyaona anajisemea hii ndiyo oganiki yenyewe. Siyo. Mashamba mengi ya namna hiyo hufuata kanuni za GLOBALG.A.P., utaratibu ulioanza Ulaya mwaka 1997 kwa jina la EUREPGAP na kubadilishwa jina mwaka 2007. Kanuni hizo zinaruhusu dawa za viwandani. Zinachodai ni kwamba dawa iwe imesajiliwa, ipigwe kwa kipimo, iandikwe kwenye daftari, na mkulima asubiri siku zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kuvuna. Kwa maoni yangu haragwe la namna hiyo mara nyingi lina amani zaidi kuliko nyanya ya "asilia" isiyo na daftari lolote. Lakini kilimo hai ni kitu kingine.

Halafu kuna "mbegu za kisasa", ambazo watu huzichanganya na GMO. Mbegu chotara hutokana na kupandanisha wazazi wawili wa aina moja ya mmea, na kilimo hai hakikatazi kupanda chotara. GMO ni mmea uliobadilishwa vinasaba maabara, na huo kilimo hai kinaukataa moja kwa moja. Hadi leo hakuna mbegu ya GMO iliyoruhusiwa kulimwa kibiashara Tanzania. Kwa hiyo anayekuambia mahindi yake "siyo GMO kama yale ya jirani" hajakupa sababu ya kulipa zaidi, maana ya jirani nayo siyo GMO.

Kilimo hai chenyewe, basi, ni habari ya namna ya kulima. Shamba halitumii mbolea za chumvichumvi wala viuatilifu vya viwandani, halipandi GMO, na rutuba yake inatoka kwenye samadi, mboji, matandazo, mikunde na kubadilisha mazao. Mfugo haupewi dawa za viuavijasumu kila siku ili unenepe. Na shamba haliwi la kilimo hai siku mkulima anapoamua. Kuna kipindi cha mpito ambacho udongo unaachwa upumue. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, ni miaka 2 kabla ya kupanda mazao ya msimu, na miaka 3 kabla ya kuvuna mazao ya kudumu kama kahawa.

Angalia sasa ugumu ulipo. Mambo yote hayo yametendeka shambani, mengine miaka miwili iliyopita. Karoti ikifika mezani haina alama yoyote mwilini ya kuyathibitisha. Huwezi kuyaona, kuyanusa wala kuyaonja, hata ungekuwa na ulimi wa mpishi wa harusi. Unachonunua ni neno la mtu.

Nani anasimama nyuma ya neno hilo

Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilipitisha kiwango kimoja cha bidhaa za kilimo hai. Kilizinduliwa Dar es Salaam mwezi Mei mwaka huo na Waziri Mkuu wa wakati ule, Edward Lowassa, mtu wa Monduli hapa jirani. Kilikuwa kiwango cha pili cha kikanda duniani baada ya kile cha Umoja wa Ulaya. Pamoja nacho ilikuja alama iitwayo Kilimohai, ambayo bidhaa inaruhusiwa kuibeba kama imehakikiwa kwa kiwango hicho. Kwa Tanzania, chombo kinachounganisha wadau wa sekta hii ni TOAM, kilichoanzishwa mwaka 2005, na mwaka 2023 serikali nayo ikatoa mkakati wa kitaifa wa kilimo ikolojia hai.

Kiwango hicho ni cha hiari. Mtu akiandika "oganiki" kwa chaki kwenye kibao chake hajavunja mlango wa mtu. Ndiyo maana inafaa kujua njia mbili ambazo neno hilo linaweza kupata mgongo.

Ya kwanza ni kampuni ya ukaguzi inayotoka nje ya shamba. Mkaguzi anakuja, anapekua vitabu, anachukua sampuli akihisi kuna jambo, kisha kampuni inatoa cheti cha mwaka. Hii ndiyo njia ya kahawa, kakao ya Kyela na pamba ya Meatu, mazao yanayopanda meli. Gharama yake inabebeka ukiwa na kontena la kahawa. Mwenye robo eka ya figiri haiwezi, hata akiuza figiri mpaka za mbegu. Na Ulaya nako wanazidi kukaza: kanuni yao mpya iliyoanza kutumika Januari 2022 inataka kikundi cha wakulima wadogo kisizidi wanachama 2,000, na vyama vingi vya huku kwetu ni vikubwa kuliko hapo.

Njia ya pili ndiyo inayotuhusu sisi wenye vikapu. Inaitwa uhakiki shirikishi. Wakulima wa eneo moja wanaunda kikundi, wanakubaliana kanuni, kisha wanakaguana wenyewe kwa wenyewe, na mlaji anakaribishwa aje aone. Ulaya haiutambui uhakiki huu kwa bidhaa zinazoingia kwao, lakini kwa soko la Afrika Mashariki kikundi kilichosajiliwa kwa utaratibu huo kinaweza kupata kibali cha kutumia alama ya Kilimohai.

Niliwahi kwenda kwenye ukaguzi mmoja wa namna hiyo, kwenye miteremko ya Meru, nikiwa mlaji. Nilitegemea tutakwenda kutazama mboga. Mama aliyekuwa anaongoza hakuzitupia macho hata kidogo. Alikwenda stoo. Akainua magunia, akatazama nyuma ya mlango, akauliza chupa tupu zinatupwa wapi. Kisha akalishusha bomba la kupigia dawa kutoka kwenye msumari, akafungua kifuniko, akaingiza pua. Akapiga chafya mara tatu. Mwenye shamba akacheka: "Pilipili hiyo, mama, na kitunguu saumu." Bomba likapita.

Kilichofuata hakikupita kirahisi. Ng'ambo ya kinjia, jirani asiye mwanachama alikuwa na kabichi, na kabichi zile zilikuwa zinapigwa dawa. Kati yao kulikuwa na mstari wa matete, mwembamba, unaona mpaka upande wa pili. Wakabishana muda mrefu kuhusu upepo: asubuhi unashuka kutoka mlimani, mchana unapanda, jirani anapiga dawa saa ngapi? Mwishowe wakakubaliana matete yaongezwe na mistari miwili ya karibu isiingie kwenye mboga za kikundi. Halafu yule mama akaona kopo la plastiki juu ya kenchi, na ndani yake punje za mahindi za rangi ya waridi. Rangi ile maana yake mbegu imepakwa dawa kiwandani.

"Hii umetoa wapi?"

Mwenye shamba akanyamaza. Alikuwa amepewa na shemeji yake, na mvua zilikuwa zimeshaanza. Mahindi ya msimu ule yaliandikwa kwenye daftari kwamba hayatauzwa kwa jina la kikundi. Hakuna aliyepaza sauti, lakini chai tuliyokunywa baadaye ilinyweka kimyakimya.

Natoa kisa hiki kwa sababu kinaonyesha nguvu na udhaifu wa utaratibu wenyewe kwa pamoja. Nguvu yake ni kwamba jirani anajua mambo ambayo mkaguzi wa siku moja hawezi kuyajua: nani alionekana duka la pembejeo, nani ana mtoto anayelipwa kwenda kupiga dawa mashamba ya wengine na kurudi na bomba. Udhaifu wake ni kwamba jirani pia ni shemeji, ni mdhamini wa mkopo, ni mwenzako wa kwaya. Kikundi kinachofanya kazi ni kile ambacho wanachama wake wanaogopa kupoteza wateja kuliko wanavyoogopa kununiana. Ukitaka kujua kikundi kiko upande gani, muulize muuzaji: ni lini mara ya mwisho mlimsimamisha mwenzenu, na kwa kosa gani? Kikundi ambacho hakijawahi kumsimamisha mtu hata mmoja kinanitia wasiwasi.

Habari ya "bila dawa"

Sentensi inayoharibu mazungumzo mengi ni hii: "Kilimo hai hakitumii dawa." Kinatumia. Kinatumia mwarobaini, pilipili, majivu, mkojo wa ng'ombe uliochachushwa, bakteria wanaoua viwavi, na pareto, ua ambalo Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wake wakubwa duniani. Pareto huvunjika upesi ikipigwa na jua, ndiyo sababu inapendwa.

Kinatumia pia mrututu. Wazee wa Kilimanjaro wanaujua kwa jina na kwa rangi, ile buluu yake, kwani ndio uliotumika miaka mingi kwenye kahawa dhidi ya magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Ni shaba, madini ya ardhini, kwa hiyo unaruhusiwa kwa masharti. Lakini shaba haiozi. Inajikusanya udongoni mwaka hata mwaka, na ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa kilo 28 za shaba kwa hekta kwa muda wa miaka 7, hata kwa mashamba ya kilimo hai.

Na kuna utupa. Mmea wa porini kabisa, unaota kingoni mwa mashamba, majani yake yakitwangwa yanaua wadudu vizuri sana. Wavuvi wa zamani waliyatia mtoni samaki wakaelea juu wenyewe. Kitu kikitoka porini hakiwi maziwa kwa sababu hiyo tu.

Tofauti ya kweli, basi, iko kwenye aina ya dawa, muda wake wa kuisha na idadi ya mara inazopigwa. Na hapo narudi kwenye nyanya.

Mwaka 2014 aliingia nchini nondo mdogo mwenye asili ya Amerika Kusini, ambaye wakulima walimpa jina la kantangaze. Kiwavi wake anajificha ndani ya jani na ndani ya tunda, ambako dawa nyingi hazimfikii. Wakulima wa nyanya wa Arumeru walitishika, na mtu aliyetishika anapiga dawa mara kwa mara, anachanganya mbili tatu kwenye bomba moja. Ongeza ukungu wa wakati wa mvua. Kisha ongeza tabia ya nyanya yenyewe: haivunwi mara moja ikaisha, inachumwa kila baada ya siku chache kwa wiki nyingi. Lebo ya dawa inasema subiri siku 7, pengine 14, na tenga linaondoka Jumatano na Jumamosi. Hesabu hiyo haitoki. Ndivyo ilivyo kwa pilipili hoho, matango na njegere vilevile.

Lile vumbi jeupe mara nyingi ni mabaki ya dawa ya ukungu, na ya kawaida zaidi ni mankozebu, ambayo Umoja wa Ulaya uliinyima idhini mwishoni mwa mwaka 2020. Inakaa juu ya ganda, haiingii ndani, kwa hiyo kusugua kwa vidole chini ya maji yanayotiririka kunasaidia kweli, na kumenya kunasaidia zaidi. Kuloweka kwenye beseni la maji ya chumvi mpaka nyumba inanuka bahari hakushindi hapo kwa umbali mkubwa. Dawa zinazonyonywa na mmea zikapanda mpaka kwenye tunda, hizo huzioshi kwa chochote.

Mahali pa kuweka hela

Mshahara haupandi kwa sababu umesoma makala. Mimi sinunui kila kitu cha kilimo hai, na simshauri mtu. Hela ya ziada naiweka kwenye nyanya, hoho, kabichi, Chinese na sukuma, vitu vinavyopigwa dawa sana na kuliwa na ganda au jani lake. Vitunguu vya Mang'ola nachukua vya kawaida. Hupigwa dawa ya wadudu, ndiyo, ila nabandua maganda mawili ya juu. Parachichi, magimbi, viazi vikuu na maboga hata siulizi.

Ndizi ni habari ya kipekee. Kihamba cha Mchaga, na bustani ya Mmeru inayofanana nacho, ni mahali ambapo mgomba, kahawa, magimbi, miti ya kivuli na zizi la ng'ombe vimekaa pamoja kwa vizazi. Samadi inaingia, majani yanarudi chini, maji yanakuja kwa mfongo, yaani mfereji wa asili. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliingiza vihamba vya Shimbwe Juu, Moshi Vijijini, kwenye orodha ya mifumo ya kilimo yenye urithi wa dunia. Migomba ya pale kwa kawaida haipigwi kitu. Basi mkungu wa mshale unaoshushwa Mbuyuni, Moshi, bila kibandiko wala chaki, mara nyingi una sifa nyingi za kilimo hai kuliko vitu vingi vya kwenye bustani ya mgahawa. Nasema mara nyingi kwa sababu ya kahawa: mzee mwenye mibuni ya zamani bado anapiga mrututu na dawa ya wadudu humohumo chini ya migomba. Aliyepanda aina mpya za kahawa za kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI, Lyamungu, zinazohimili chulebuni na kutu, amepunguziwa kazi hiyo. Kwa hiyo kwa muuza ndizi swali langu linahusu kahawa, na huwa wananishangaa.

Kitu ambacho karibu kila mnunuzi anakisahau ni nafaka. Maharage yanaweza kulimwa bila dawa hata tone, yakafika stoo yakachanganywa na dawa ya unga ya kuzuia bungua, na dawa hiyo haina jua wala mvua ya kuivunja. Uliza yamehifadhiwa na nini. Ukijibiwa mifuko ya PICS, ile yenye tabaka tatu inayowanyima wadudu hewa, umepata jibu zuri. Na kwenye unga wa lishe na karanga kuna sumukuvu, ambayo inatengenezwa na ukungu, si na mkulima. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi yao wenyewe. Kukausha vizuri ndiyo kinga. Cheti cha kilimo hai hakikaushi mahindi.

Maji nayo ni vilevile. Mchicha wa kandokando ya mto Themi unaweza kuwa haujaonja urea wala dawa, umekua kwa samadi tupu, mwenye bustani akaapa na akawa mkweli. Lakini mto ule umepita katikati ya mji mzima kabla ya kufika kwake. Kachumbari siitengenezi kwa majani ya pale, hata yawe hai kiasi gani.

Mashimo, rangi na ladha

Kuna imani kwamba jani lenye mashimo ndilo salama, kwa kuwa mdudu kalila hakufa. Shimo linakuambia mdudu alipita. Halikuambii kama dawa ilipigwa kesho yake, na mara nyingi shimo ndilo lililomfanya mkulima alichukue bomba. Karoti iliyopinda nayo imekutana na jiwe tu. Ladha ni kweli ipo, lakini inatokana zaidi na aina ya mbegu na siku ya kuvuna. Nyanya iliyoiva mtini ikaliwa kesho yake ni tamu, iwe ya nani.

Kuhusu lishe nitasema kwa ufupi. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitia tafiti 237 na kuona ushahidi mdogo kwamba chakula cha kilimo hai kina virutubisho zaidi, ingawa mabaki ya dawa yalikuwa machache. Mwaka 2014 wenzao wa Newcastle, Uingereza, walipitia machapisho 343 wakaona viambato vya kukinga seli ni vingi zaidi na kadimiamu, metali yenye sumu, ni ndogo. Wataalamu bado wanavutana. Mimi naona kwa mpishi wa Arusha swali hilo linazidiwa na lingine: umepika mboga gani? Kituo cha kimataifa cha mboga kiko papo hapo Tengeru, kimekusanya mbegu za mnafu, mgagani na ngogwe kwa miongo kadhaa, na mboga za majani kama mnafu na mgagani zina madini na vitamini nyingi kuliko kabichi, hata kabichi hiyo iwe na vyeti vitatu.

Kuhusu bei

Fungu la figiri nililolipia shilingi 500 Kilombero nimelikuta kwenye soko la bustanini kwa 1,500. Si wizi wote. Kupalilia kwa mkono mara tatu badala ya kupiga dawa ya magugu ni vibarua. Kusubiri samadi ioze ni muda. Kikapu cha mboga kumi tofauti kinachopelekwa kwa bodaboda hadi Njiro hakiwezi kushindana na Fuso iliyojaa kabichi tupu. Lakini sehemu ya bei hiyo ni bustani yenyewe, kivuli chake, muziki na kahawa ya maziwa unayokunywa ukisubiri. Ukiwa na namba ya mkulima, anakuuzia figiri ileile kwa bei ya katikati, na yeye anabaki na nyingi zaidi mfukoni kuliko akimpa mchuuzi. Wengi wanapenda mteja wa kila wiki anayelipa kwa simu kuliko mteja wa Jumamosi anayepiga picha.

Sokoni kwenyewe nimeacha kuuliza "ni oganiki?" kwa kuwa jibu lake ni ndiyo siku zote. Nauliza maswali yasiyo na jibu la kupamba. Mbolea gani mmetumia? Kantangaze mlimfanyaje? Jirani yenu analima nini? Mlipiga lini mara ya mwisho? Anayelima anajibu kwa siku na majina ya vitu, tena anaanza kulalamika kuhusu bei ya mbegu. Mchuuzi aliyechukua tenga saa kumi alfajiri anatafuta maneno, na simlaumu, hakuwepo shambani.

Yule mama wa Tengeru nilimuuliza hilo la mwisho. Akanitazama kidogo, akaacha kufuta nyanya.

"Tulipiga Jumatatu, mwanangu. Mvua ya Jumapili ilituogopesha."

Ilikuwa Jumatano. Nikachukua vitunguu na magimbi, nyanya nikaziacha. Alikuwa ananifungashia magimbi akaongeza moja juu, kisha akasema kuna mistari ya chini, karibu na mfereji, ambayo mzee wake hajaifikia na bomba na sasa hana hela ya dawa nyingine mpaka mwisho wa mwezi.

"Njoo Jumatano ijayo, mapema. Nitakutengea sado moja. Ila zitakuwa ndogo ndogo, usije ukanigeuka."

Nikamwandikia namba yangu kwenye kipande cha boksi.